Usinunue hiyo picha ya Blakelock kwa sababu ya saini

Mkuu simamisha hayo malipo kwanza. Unasema unataka kujua maisha ya Ralph Blakelock, yule mchoraji wa Marekani, kwa sababu kuna jamaa anakuuzia picha yake ya mbalamwezi dola 1,800, saini ipo, halafu unauliza jinsi ya kuisafirisha hadi Dar. Saini ipo ndio nini? Yangu ilikuwa nayo, tena ndani ya umbo la kichwa cha mshale kama alivyokuwa akiweka mwenyewe, nikatoa dola 2,300 keshi, akiba ya zamu za usiku miezi saba.

Muuzaji, mzee wa duka la vitu vya kale huku Ohio, alinipa historia mpaka nikalainika: kazaliwa New York 1847, 1869 kaenda magharibi, karudi anachora miti myeusi na mwezi nyuma yake, watoto tisa, njaa, picha anauza bei ya kutupa, 1899 kapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Na yote kweli! Hapo ndipo nilipopigwa, historia ya kweli, picha feki. Alichoruka yule mzee, na alijua, ni kwamba mwaka 1916 Blakelock akiwa bado hospitalini, jumba la makumbusho la mji wa Toledo, hukuhuku Ohio, lilinunua picha yake moja dola 20,000, bei ambayo hadi wakati huo hakuna mchoraji Mmarekani aliye hai aliyekuwa ameifikia, mkewe na watoto wako kwenye shida zilezile. Wajanja wakaona njia. Feki zilikuwepo hata kabla ya hapo, mpaka picha za bintiye Marian, naye mchoraji, zilibandikwa jina la baba zikauzwa.

Baadaye sana nikampelekea fundi wa kukarabati picha, akanipa lenzi niangalie mwenyewe. Rangi ina nyufa nyembamba kama tope lililokauka, ya zamani kabisa. Lakini rangi ya saini ilikuwa imeingia ndani ya zile nyufa. Yaani mtu kasaini picha ikiwa imeshazeeka na kupasuka! Nilikaa kwenye gari dakika ishirini sijawasha.

Na msinicheke, ile mbalamwezi ungeiona na wewe ungetoa hela.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, picha iende kwa fundi asiyejuana na muuzaji, umlipe wewe mwenyewe. Muuzaji akikwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, mwache aje. Mimi niliambiwa hivyohivyo saa nane mchana, saa tisa nilikuwa benki.