Ncha ya 3′ iko wapi? Kwa mnaoanza kazi ya DNA

Wiki hii kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo, katika maabara tunayofanyia kazi hapa Tanga, aliniletea jedwali lake la kwanza la matokeo. Lilikuwa safi na limepangwa kwa uangalifu, na ndani yake ameandika kwamba mbu wote wa Muheza aliowachunguza wana kodoni ya kusimamisha, yaani herufi tatu za DNA zinazoamuru ujenzi wa protini ukome, katikati ya jeni ya mfereji wa sodiamu. Mbu ambaye mfereji huo haufanyi kazi hawezi kuruka wala kuuma, kwa hiyo hao aliowashika mkononi wasingekuwepo. Alichofanya ni kusoma faili lililotokana na praima ya nyuma (praima ni kipande kifupi cha DNA kinachoanzishia unakili, na ya nyuma huanzia mwisho wa kipande) bila kuligeuza. Kwenye kodoni ya 1014, mbu anayedhurika kwa dawa ana TTA, yaani leusini, na mwenye badiliko la kdr, yaani la usugu dhidi ya dawa, la Afrika Mashariki ana TCA, yaani serini. Ukiusoma uzi wa pili kutoka ncha yake ya 5′, TTA hiyo inasomeka TAA na TCA inasomeka TGA, na zote mbili ni kodoni za kusimamisha. Kosa hili hurudi kwa sura tofauti kila kundi jipya linapoingia, na kila mara anayelifanya ni mtu mwenye akili nzuri aliyefaulu mtihani wa chuo. Ndiyo maana ninawaandikia, wadogo zangu.

1. Mwelekeo kwanza, herufi baadaye. Mnajua kwamba A hushikana na T kwa vifungo viwili vya haidrojeni na G hushikana na C kwa vitatu, na mnajua habari ya Watson na Crick ya 1953 na picha za miale ya X zilizotoka kwa Rosalind Franklin. Kinachokaa juujuu vichwani mwenu ni kwamba nyuzi mbili za DNA zimelala mzungu wa nne: palipo na ncha ya 5′ ya uzi mmoja ndipo ilipo ncha ya 3′ ya mwenzake. Namba hizo si mapambo. Ni namba za kaboni kwenye sukari ya deoksiribosi. Fosfati hushika kaboni ya 5, na kundi la OH lililo kwenye kaboni ya 3 ndilo linalopokea nyukliotidi inayofuata. Mfuatano ulioandikwa bila kuonyesha ncha zake husomwa kutoka 5′ kwenda 3′, na huo ni mkataba wa wote wanaofanya kazi hii duniani. Asiyeufuata anaandika kitu kingine kabisa.

2. Polimeresi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya wa DNA, haina njia mbili. Huongeza nyukliotidi kwenye ncha ya 3′ tu, na haiwezi kuanza bila praima. Mambo mengi mliyokariri kuhusu kunakiliwa kwa DNA yanatokana na sharti hilo moja. Helikesi inapofungua nyuzi, uzi mmoja mpya unajengwa mfululizo kuelekea panapofunguka, ilhali mwenzake unalazimika kujengwa kwa vipande vifupi kinyumenyume, vile ambavyo Reiji na Tsuneko Okazaki walivionyesha miaka ya 1960, kisha ligesi ikaviunganisha. Matokeo yake ni kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya, jambo ambalo Meselson na Stahl walilithibitisha mwaka 1958 kwa bakteria waliolishwa naitrojeni nzito. PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi ndani ya kichupa, ni kazi hiyohiyo, isipokuwa joto limechukua nafasi ya helikesi na praima tunaziagiza wenyewe. Kwa kuwa tunaziagiza wenyewe, hapo ndipo tunapoumia.

3. Praima ya nyuma. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu liliwagharimu watu wengine, si mimi peke yangu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, katika maabara nyingine, nilipewa jukumu la kubuni praima za kipande kipya cha jeni. Ya mbele ilikuwa rahisi. Kwa ya nyuma nilichukua mwisho wa kipande, nikaandika mwenza wa kila herufi chini yake, kisha nikapeleka oda nilichokiona, kuanzia kushoto kwenda kulia. Tuseme mwisho wa kipande ni 5′-GGATCTTACG-3′. Chini yake, kwa mpangilio huohuo, unapata CCTAGAATGC, na hiyo inaanzia ncha ya 3′. Praima inayotakiwa ni 5′-CGTAAGATCC-3′. Mimi niliagiza CCTAGAATGC kana kwamba inaanzia 5′. Herufi zote zilikuwa sahihi, lakini hakuna mahali ambapo praima hiyo ingeweza kulala juu ya uzi ule.

Praima zilikuja kutoka nje ya nchi baada ya kusubiriwa sana, na jeli ya kwanza, ambamo bidhaa ya PCR huonekana kama bendi, ikatoka tupu. Nikashusha joto la kushikiza, nikaongeza magnesi, nikabadilisha Taq, ile polimeresi ya PCR. Tupu. Nikalaumu umeme uliokuwa ukikatika, kisha nikafanya jambo linaloniuma mpaka leo: nikamwambia mwenzangu aliyetoa DNA kwenye miguu ya mbu kwamba kazi yake ni mbovu. Yeye aliamini, akarudia kutoa DNA kwenye miguu iliyobaki, na tukaitumia yote katika majaribio yangu. Mbu wale walikuwa wa msimu wa masika uliokwisha, na mbu mmoja hana miguu ya akiba. Wakati huo wote kontroli chanya, yaani DNA ambayo tulijua kwa hakika ni nzima, nayo haikutoa bendi, na jambo hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba sampuli hazina hatia. Niliiona kila mara nikaipita. Dada mkuu wa maabara alipokaa nami hatimaye, hakugusa mashine. Aliomba karatasi ya oda, akaweka kidole kwenye praima ya nyuma, akauliza, “Mdogo wangu, ncha ya 3′ iko wapi hapa?” Nilikwenda kumwomba radhi mwenzangu siku hiyohiyo. Sampuli hazikurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza praima yoyote, andika nyuzi zote mbili kwa mkono, weka 5′ na 3′ kwenye ncha zote nne, chora mshale wa kila praima uone kama mishale inatazamana, halafu mpe mtu mwingine aikague.

4. Kontroli isiyo na DNA ikitoa bendi, matokeo yote ya siku hiyo hayaandikwi. Praima zigawanywe kwenye vichupa vidogo. Bidhaa ya PCR isiingie kwenye chumba cha kuandalia mchanganyiko hata kwa bahati mbaya, wala koti ulilovaa ukiimimina kwenye jeli.

5. Utambuzi wa jamii za mbu. Katika PCR ya kundi la gambiae, yaani jamii za mbu wanaofanana sana kwa macho, praima moja ni ya wote na nyingine ni za kila jamii: Anopheles gambiae hutoa bendi ya jozi 390 za besi, arabiensis 315, na merus kama 464. Tofauti ya gambiae na arabiensis ni jozi 75 tu, kwa hiyo iacheni jeli itembee vya kutosha; haraka ya kuwahi daladala imeshawageuza mbu wengi wa jamii moja kuwa wa jamii nyingine kwenye daftari. Nanyi mnaopokea mbu wa Pangani na wa vijiji vilivyo karibu na mikoko, msiache kuweka praima ya merus kwa kisingizio cha kubana matumizi. Merus huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani hii, na bila praima yake hatoi bendi yoyote, kisha mnamwandika kuwa sampuli iliyoharibika.