Maswali ya Wasomaji: Nguvu ya Msambazaji wa Filamu

SWALI: Watengenezaji hodari wa filamu wamejaa duniani. Kwa nini basi ni kampuni chache za Hollywood tu zinazotamba?

JIBU: Kutengeneza filamu nzuri ni kazi moja, kuifikisha kwa watazamaji, yaani kuisambaza, ni kazi nyingine, na hiyo ya pili imeshikwa na wachache. Mwenye ukumbi wa sinema anayevutana na msambazaji mkubwa leo anajua kwamba kesho atamhitaji tena, maana filamu inayosubiriwa na watu wote itatoka kwake. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi: studio zilimiliki kumbi zenyewe, na wenye kumbi huru walilazimishwa kuchukua filamu kwa mafungu, nzuri na mbovu pamoja. Mahakama ya Juu ya Marekani iliubomoa mfumo huo mwaka 1948 katika kesi dhidi ya studio ya Paramount na wenzake. Amri zilizotokana na kesi hiyo zilifutwa mwaka 2020.

Kuna pia hesabu ya matangazo. Tangazo la televisheni la nchi nzima lina bei ileile, filamu iwe katika kumbi 10 au 4,000. Ikiwa kumbi 10, karibu wote walioliona hawana pa kwenda kuitazama, na fedha zimepotea. Ndiyo sababu Juni 1975 Universal ilipofungua “Jaws” katika kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, ikitanguliwa na matangazo mazito ya televisheni, studio nyingine zilifuata njia hiyo. Mwenye mtaji mdogo hawezi kuiga, kwani gharama yote hutangulia kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

SWALI: Msambazaji anawezaje kuuzuia ukumbi usionyeshe filamu kabla ya siku yake?

JIBU: Filamu hupelekwa ikiwa faili zilizofungwa kwa msimbo, aghalabu ndani ya diski au kwa setilaiti. Ufunguo wake wa kidijitali hutumwa peke yake. Ufunguo huo umefungamana na mashine moja tu ya kuonyeshea, na una saa ya kuanza na saa ya kwisha. Fundi akibadilisha mashine bila kumwarifu msambazaji, ufunguo unakataa na watazamaji wameshakaa. Jaribu ufunguo mara tu muda wake unapoanza, si dakika za mwisho.

SWALI: Kampuni tanzu, yaani zilizo chini ya kampuni mama moja, kutangaziana kuna faida gani hasa? Si ni fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine wa shati lilelile?

JIBU: Ingekuwa hivyo kama tangazo lingebaki kuwa tangazo tu. Faida kubwa huja pale linapogeuka kuwa kitu ambacho watu wanakitaka chenyewe. Mwaka 1954 Disney ilihitaji fedha za kujenga bustani ya burudani Anaheim, California, na ABC, mtandao wa televisheni, ilihitaji vipindi. ABC ikachangia ujenzi, Disney ikatoa kipindi cha kila wiki chenye jina la bustani yenyewe, “Disneyland”. Familia zikawa zinafuatilia ujenzi sebuleni, na Julai 17, 1955, ABC ikarusha ufunguzi moja kwa moja. Kipindi hichohicho kilitumika pia kuzinadi filamu za Disney. Baadaye Disney iliinunua ABC yenyewe. Ununuzi ulikamilika mwaka 1996.

Mambo huharibika kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni tarehe. Midoli na nguo huagizwa miezi mingi kabla, mara nyingi zaidi ya mwaka. Filamu ikisogezwa mbele, bidhaa zinakaa rafuni hakuna anayezijua. Ya pili ni hadhira: trela ya filamu ya kutisha ikiwekwa katika chaneli ya watoto kwa kuwa tu chaneli ni ya kampuni hiyohiyo, inaudhi wazazi bila kuuza tiketi. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kwamba nafasi ya tangazo haipatikani bure. Mkuu wa chaneli anayepimwa kwa mapato ataificha filamu ya kampuni yake usiku wa manane, na nafasi nzuri atamuuzia mteja wa nje. Dawa ni kuiwekea nafasi hiyo bei katika vitabu vya kampuni na kuihesabu kama mapato ya chaneli.

SWALI: Filamu imeuza tiketi za dola milioni 100, lakini mtayarishaji anaambiwa haijapata faida. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa, hata bila wizi. Tuchukue mfano wa kukadiria. Kumbi za Marekani hubaki na karibu nusu, kwa hiyo msambazaji anapokea milioni 50. Anakata kwanza ada yake. Ikiwa ni asilimia 30, hiyo ni milioni 15. Zinabaki 35. Anarudisha gharama za matangazo, tuseme milioni 30. Zilizobaki ni 5, na filamu iligharimu 40. Msambazaji amekwisha kula. Mtayarishaji bado ana deni la milioni 35, pengine na riba juu yake, na anasubiri mauzo ya nchi za nje, ya televisheni na ya mtandaoni.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini dai kiwango cha juu cha gharama za matangazo, haki ya kukagua hesabu, na kifungu kinachozuia hasara ya filamu moja kufidiwa na mapato ya nyingine. Kisha soma kwa makini sehemu ya kampuni tanzu. Msambazaji mwenye chaneli zake anaweza kuiuzia chaneli hiyo filamu yako kwa bei ya kutupa. Kampuni mama haipotezi kitu, wewe unapoteza. Mkataba useme kwamba mauzo ya ndani yatafanywa kwa bei ambayo mnunuzi baki angelipa, na utaje nani ataamua bei hiyo mkibishana.