Zana za nyumbani: pesa iende kwenye ncha

Anayeanza kununua zana za nyumbani huvutwa kwanza na mashine: drili kubwa ndani ya sanduku la plastiki, grainda, na seti ya vipande mia moja ambavyo vingi hatavigusa maisha yake yote. Baada ya miezi miwili ukuta una matundu makubwa kuliko skrubu, vichwa vya skrubu vimelika, na lawama zote zinaiendea drili. Mara nyingi drili ni nzima. Mota kazi yake ni kuzungusha tu. Kinachokata ni biti, diski, meno ya msumeno na ncha ya bisibisi. Mwenye bajeti ndogo anunue mashine ya wastani na ncha bora.

Zana za mkono za kuanzia si nyingi: tepu ya kupimia ya mita 5, pimamaji ya sentimita 60, nyundo yenye makucha ya kung'olea misumari (kichwa cha gramu 450 hivi kinatosha), plaizi, testa, msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, spana ya kurekebisha ya inchi 10, na bisibisi chache. Tepu na pimamaji hudhaniwa hazina la kujifunza, nazo ndizo huharibu kazi kabla haijaanza.

Ile ndoano ya mwanzo wa tepu hucheza kidogo. Usiigonge ili ikaze. Imeachwa icheze kwa kiasi cha unene wake wenyewe, kama milimita 1, ili ukiivuta kwenye ukingo wa ubao au ukiisukuma ndani ya kona, kipimo kiwe sahihi pande zote mbili. Ikipinda kwa kuangushwa, hapo ndipo shida. Ukiwa na shaka, pima kuanzia alama ya sentimita 10, kisha utoe 10. Pimamaji nayo ijaribu dukani kabla ya kulipa: iweke mezani, angalia povu limekaa wapi, izungushe upande wa kushoto uende kulia, iweke palepale. Povu likiegemea upande uleule wa meza, kwa kiasi kilekile, mara zote mbili, pimamaji ni nzima hata kama meza imeinama. Likihama, mrudishie muuzaji.

Bisibisi za msalaba zinahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapa ndipo skrubu nyingi hufia. Misalaba inayofanana ni miwili. Mmoja ni msalaba mtupu, na ncha yake huandikwa PH. Mwingine una mistari minne myembamba katikati ya mikono ya msalaba, na ncha yake huandikwa PZ. Skrubu nyingi za mbao na za makabati ni PZ2. Zile nyeusi za jipsamu ni PH2. Ncha ya PH ikiingia kwenye skrubu ya PZ huonekana imekaa, kumbe inagusa sehemu ndogo tu, na mzigo ukizidi inapanda juu na kula kichwa. Jaribu hivi: ingiza ncha kwenye skrubu, kisha itikise kwa vidole. Ikicheza, si yake. Nunua ncha tano za PZ2 na tano za PH2 zilizo bora, uzibadilishe zinapochakaa. Ncha moja iliyolika huharibu skrubu nyingi.

Kwenye mbao ngumu kama mninga au mvule, usiikaze skrubu bila kutoboa kwanza. Skrubu ya milimita 4 inataka tundu la milimita 3. Kwenye paini milimita 2.5 zinatosha. Sugua nyuzi za skrubu kwa mshumaa. Wengi hutumia sabuni, lakini sabuni hushika unyevu na kuleta kutu.

Sasa drili. Kwa nyumba ya matofali ya saruji, chukua drili ya nyundo ya wati 600 hadi 750, kichwa kinachoshika biti hadi milimita 13, yenye kubadili mwendo na kuzunguka kinyume. Biti ni za aina tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya ukutani ina kipande cha kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) nchani, kipana kidogo kuliko mwili wake. Ya chuma imeandikwa HSS. Ya mbao ina msumari mdogo katikati ya ncha. Biti ya HSS ikiguswa na saruji hufa kwa sekunde chache, na biti ya ukutani kwenye chuma huunguza tu bila kukata.

Kutoboa ukuta kwa ajili ya rafu ndogo, tumia biti ya milimita 6 na plagi ya plastiki ya milimita 6. Chora msalaba mahali pa tundu, udonoe katikati kwa msumari ili biti isiteleze. Zungushia kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye biti kuonyesha kina: urefu wa plagi na milimita 10 zaidi, kwani vumbi lazima lipate pa kukaa. Anza bila nyundo mpaka biti iume, ndipo uwashe nyundo. Egemea kwa nguvu ya wastani. Kila baada ya sekunde chache toa biti ikiwa bado inazunguka ili ivute vumbi nje. Kisha puliza tundu kwa mrija, miwani ikiwa machoni. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo sababu kubwa ya plagi kukataa kuingia au kuzunguka pamoja na skrubu. Plagi isiishie kwenye lipu. Izame ndani ya tofali lenyewe. Skrubu iwe na unene wa milimita 4 hadi 5, na urefu wake uwe urefu wa plagi pamoja na unene wa kitu unachokifunga.

Tundu likipanuka usijaze vijiti vya kiberiti. Hamia biti na plagi ya milimita 8. Biti ikigoma, ikapiga kelele na vumbi likageuka la kung'aa, umekuta nondo ya linta: sogea sentimita tatu. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, zina chokaa laini inayobomoka ikitikiswa. Huko zima nyundo kabisa, tumia plagi ndefu, na uwe na subira. Na popote ulipo, usitoboe moja kwa moja juu wala chini ya swichi au soketi, kwa sababu nyaya kwa kawaida hupita hapo wima. Kama una matundu mengi kwenye zege tupu, drili hii itakuchosha; kodi mashine ya SDS, ambayo pistoni yake hupiga kwa hewa, urudishe ukimaliza.

Ukipenda drili ya betri, usidanganywe na namba. Betri ya seli tano za lithiamu ni volti 18. Ikijaa kabisa hufika 20 na ushee, ndiyo maana wengine huiandika 20 na wengine 21. Ukiona drili nyepesi ya bei ya chini imeandikwa 48 au 88, hesabu seli zilizo ndani: mara nyingi ni zilezile tano. Angalia kama betri ya akiba inapatikana dukani, iwe Kariakoo au kwingine, kwa sababu betri ndiyo hufa kwanza. Usiiache garini juani.

Grainda iwe ya mwisho kununuliwa. Ile ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na ukingo wa diski husafiri karibu mita 66 kwa sekunde. Diski nyingi zimeruhusiwa mita 80. Anayevua kifuniko ili aweke diski ya milimita 230 anapeleka ukingo zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na diski hupasuka vipande vinavyoruka kama risasi. Kwa hiyo kifuniko hakivuliwi, na namba ya mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye diski isiwe ndogo kuliko ya mashine. Soma pia tarehe iliyogongwa kwenye pete ya chuma katikati: gundi ya diski huzeeka, na unyevu wa pwani huiharakisha kuzeeka. Diski nyembamba ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Ya kusagia ina unene wa milimita 6. Diski ikiwa mpya, iache izunguke bure nusu dakika ukiielekeza mbali na watu.

Kuna tabia ya kufunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grainda. Tafadhali usifanye hivyo. Jino likinasa, mashine hurudi nyuma kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia, na majeraha yake ni ya vidole, paja na uso. Kwa mbao kuna msumeno wa mkono.

Waya wa kurefushia umeme ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu, ufungue wote kabla ya kuchomeka mashine. Ukibaki umeviringika hupata moto na kuyeyuka ndani. Grainda au drili ikianza kutoa cheche nyingi kwenye matundu ya hewa na kupoteza nguvu, badilisha kaboni (vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota) zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana bado ndefu.

Mpaka siku utakayoinunua grainda, msumeno wa chuma wenye bledi ya meno 24 kwa inchi, meno yakitazama mbele, utakata fimbo ya pazia na skrubu iliyozidi. Kwa bomba jembamba la chuma weka bledi ya meno 32, ili angalau meno matatu yawe yameshika ukuta wa bomba kwa wakati mmoja. Yakipungua, jino hunasa na kung'oka.