Kuhusu ile kazi ya baleti

Mwanangu,

Juzi uliniuliza kama ukubali ile kazi ya kampuni ya baleti, umeneja na uafisa habari vyote juu ya kichwa kimoja, nami nikageuza mazungumzo. Naomba radhi. Kofia hizo mbili nilizivaa miaka kumi na moja, na najua zinavyogombana. Afisa habari kazi yake ni kuahidi. Meneja ndiye anayejua kama ahadi inalipika. Asubuhi unawaambia waandishi kwamba fulani atacheza Jumamosi, mchana unamshikia barafu kwenye kifundo cha mguu.

Sijakusimulia hili. Mabango yalikuwa yamebandikwa, sura ya mchezaji wetu mkuu imejaa ukuta mzima, tiketi zimekwisha. Siku mbili kabla ya onyesho nilikuwa pembeni mwa chumba cha mazoezi nikihesabu viatu vya kusimamia vidole (mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima kwa usiku mmoja, na bajeti haiamini hilo mpaka uioneshe risiti). Nikasikia kishindo. Piano ikaenda noti mbili tatu zaidi, ikakatika.

Mkurugenzi akataka tunyamaze hadi watu waketi, kisha tuchomeke kijikaratasi cha kusema hatacheza ndani ya programu, kile kijitabu cha onyesho. Nikakubali. Usiku ule nilisimama mlangoni nikiona watu wanafungua programu, kijikaratasi kinadondoka, mtu anainama, anasoma, ananitazama. Binti aliyeshika nafasi alicheza kiasi kwamba ukumbi ulisimama. Kesho yake magazeti hayakumtaja hata kwa herufi moja. Wangemtajaje? Jina lake sikuwa nimempa mtu.

Watu watakutajia Diaghilev, yule Mrusi mwenye kampuni ya baleti, na hawakosei. Hakuwa mchezaji wala mtunzi wa hatua, lakini kampuni aliyoipeleka Paris mwaka 1909 iliigeuza baleti. Hata zile vurugu za Mei 1913, watazamaji walipouzomea muziki wa Stravinsky, zilimkuzia jina. Wewe waulize habari za London, mwishoni mwa 1921. Alileta baleti ya Tchaikovsky ya binti mfalme aliyelala, mavazi na mapambo ya kifahari kupita kiasi, ikachezwa mara 105. Hata hivyo mapato hayakufikia gharama, mapambo yakazuiwa kwa deni, naye akaondoka mikono mitupu. Kelele hazikukosekana, mwanangu. Hesabu ndiyo iliyomshinda.

Basi kubali, ila usitie sahihi kabla hujauliza mawili. Mchezaji akiumia, nani mwenye kauli ya mwisho: daktari, mkurugenzi au wewe? Wakisita kujibu, umeshajibiwa. La pili, kwenye ziara nani anakwenda kukagua sakafu? Jukwaa la saruji lililotandikwa plastiki laweza kuonekana safi kwenye picha, na wiki haiishi kabla nusu ya wachezaji hawajaanza kulalamikia miundi. Mambo ya mshahara utajua mwenyewe, sikuwahi kuwa hodari huko.

Na wachezaji wa akiba, majina yao na picha zao ziwafikie waandishi tangu siku ya kwanza. Yule binti huniandikia hadi leo, na jambo lile halitaji. Mwaka jana aliniomba picha ya usiku ule awaoneshe watoto wake. Nilitafuta kwenye masanduku yote. Sikuwa nimemwita mpiga picha.

Mama yako