Jibu: Kwa nini daraja la Jangwani limechukua muda?

Ndugu, umeuliza kwa nini daraja la Jangwani, Dar es Salaam, limechelewa ilhali mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, ulipitishwa tangu 2022. Pesa ya namna hii haitoki yote siku moja. Hutolewa kidogo kidogo kadiri kazi inavyokaguliwa. Na kabla ya mkandarasi kuingia, nyumba za bonde la Msimbazi zilipaswa kuthaminiwa, wenyewe walipwe fidia. Hatua hiyo hula muda, na ni haki: huwezi kumbomolea mtu hivi hivi. Tena daraja peke yake halitoshi kumaliza mafuriko, mto Msimbazi umejaa mchanga na takataka, lazima uchimbwe. Lakini uchungu wako naujua. Nimeshavuka pale Aprili, viatu mkononi, tope magotini, Barabara ya Morogoro imefungwa kwa mafuriko.