Maswali ya Wasomaji: Hendibreki Imevutwa Yote, Gari Bado Linateremka

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Corolla ya mwaka 1998, ya gia za mkono, nyuma ina dramu. Kila siku napanda na kushuka mlima wa Ipogolo kwenda Iringa mjini. Hendibreki naivuta mpaka mwisho na bado gari linateremka. Fundi wa mtaani alikaza nati iliyo chini ya mkono wa hendibreki, ikakamata wiki mbili, ikalegea tena. Sasa dramu ya kulia inachemka hata rimu haigusiki. Nibadilishe kebo?
Msomaji, Ipogolo

JIBU: Marahaba. Kebo usinunue kwanza. Nati aliyoikaza fundi ndiyo inayokazwa mwisho kabisa katika kazi hii, na yeye kaanza kwa kuikaza.

Kwenye gari lako hendibreki inasukuma breki shuu (vile vipande vilivyopinda vinavyosugua dramu kwa ndani) zilezile zinazosukumwa na breki ya mguu. Shuu zikilika, nafasi kati yake na dramu inaongezeka, na mkono unapanda juu zaidi. Ndani ya dramu kuna ajasta ambayo kazi yake ni kuipunguza nafasi hiyo yenyewe, kidogo kidogo. Ikishikwa na kutu na vumbi la breki, haizunguki. Ukikaza kebo katika hali hiyo, shuu hairudi mahali pake pa kupumzikia, gari linatembea huku shuu inasugua, na ajasta haipati tena nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo maana dramu inachemka. Zile wiki mbili za nafuu, shuu ilikuwa inaendelea kulika.

Kuna kipimo cha kufanya kabla ya kushika spana. Washa injini, kanyaga breki ya mguu. Kama pedali inazama sana, kisha ukiikanyaga mara ya pili upesi inapanda, dalili kubwa ni kwamba shuu ziko mbali na dramu. Kama pedali iko juu na ngumu lakini mkono wa hendibreki unapanda mno, hapo ishuku kebo: imevutika, au imekwama ndani ya ganda lake.

Kazi yenyewe ifanyie mahali tambarare. Weka gia ya kwanza, zuia matairi ya mbele kwa mawe au magogo mbele na nyuma, legeza nati za tairi, kisha inua nyuma na ukalishe gari kwenye stendi. Usiingize mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shusha hendibreki yote, fungua plastiki iliyo kati ya viti, ulegeze nati ya kebo mpaka kebo iwe huru kabisa. Mara nyingi spana ya 10 inatosha: nati mbili, moja ya kurekebisha na moja ya kuifungia ile ya kwanza.

Sasa toa tairi, kisha dramu. Ikigoma, usiibamize kwa nyundo kubwa. Usoni mwake kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza boliti mbili za milimita 8 uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, itajisukuma nje yenyewe. Kama shuu zimechimba mfereji ndani ya dramu, ondoa kizibo cha mpira kwenye bati la nyuma, uirudishe ajasta nyuma kwa bisibisi kwanza. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kompresa, kwa sababu shuu za zamani huenda zina asibesto, madini yanayodhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa.

Hapa ndipo pa kutumia macho. Shuu ikibaki na milimita 1 ya laini (ule utando uliobandikwa juu ya chuma chake, unaosugua dramu), badilisha, na ubadilishe pande zote mbili. Inua kidogo mipira ya silinda ya breki: ukiona majimaji, silinda inavuja, na hakuna marekebisho ya hendibreki yatakayosaidia mpaka ibadilishwe. Shuu iliyolowa mafuta ya breki au grisi haifai tena. Kuiosha kwa petroli na kuipiga msasa ni desturi ya gereji nyingi, lakini mafuta yamekwisha kuingia ndani ya laini. Ikipata moto yanatoka upya. Dramu nayo ina kikomo cha kipenyo kilichoandikwa kwenye chuma chake. Ikipita hapo, haifai.

Fungua ajasta, isugue nyuzi zake kwa brashi ya waya, paka grisi nyembamba ya breki inayostahimili joto, hakikisha inazunguka kwa vidole. Za kulia na kushoto usizichanganye, nyuzi zake zinakwenda kinyume. Rudisha kila kitu, vaa dramu, ibane kwa nati mbili za tairi. Kisha zungusha kigurudumu chenye meno cha ajasta kupitia tundu la nyuma mpaka dramu isizunguke kwa mkono, halafu irudishe hatua kwa hatua hadi dramu izunguke huru, ikiwa na msuguano mdogo sana. Unaporudisha, kile kibati kinachozuia meno kisukume pembeni kwa bisibisi nyembamba ya pili, la sivyo meno yataharibika. Fanya hivyo pande zote mbili, ukanyage breki ya mguu mara kadhaa, upime tena.

Sasa ndiyo zamu ya kebo. Kaza nati mpaka hendibreki ishike kati ya kliki 5 na 7 ukiivuta kwa nguvu ya kawaida. Ukiishusha, matairi yote mawili yazunguke huru. Ukiipandisha polepole, yaanze kushika pamoja. Moja likitangulia sana, kebo ya upande mwingine imekwama. Fungia nati. Taa ya hendibreki kwenye dashibodi iwake kliki ya kwanza. Jaribu kwenye kilima gari likiangalia juu, kisha chini, na mtu asikae upande wa mteremko.

SWALI: Altezza yangu ina diski nyuma. Fundi anasema hendibreki yake hairekebishiki bila kununua pedi mpya. Ni kweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Si kweli. Pedi za gari lako hazihusiki na hendibreki. Katikati ya diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake. Inua nyuma, toa tairi, legeza kebo, toa kizibo cha mpira usoni mwa diski, uizungushe diski mpaka tundu likutane na ajasta. Gari hili linasukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo ili diski izunguke lazima uweke N (gia huru). Hapo linashikiliwa na mawe ya mbele tu, yapange vizuri. Panua shuu mpaka diski ikwame, rudisha meno 8, kisha rekebisha kebo.

Shuu hizi hazitumiki gari likiwa mwendoni, hivyo zikiwa mpya hazishiki vizuri. Tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na magari. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, bonyeza kitufe cha mkono ukishikilie hivyo, vuta kidogo tu, uende mita 400 hivi. Acha zipoe, rudia mara mbili.

SWALI: Huku Makete, asubuhi za Juni na Julai hendibreki nikiishusha tairi la nyuma bado limeshika. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu linaachia kwa kishindo. Kuna madhara?
Msomaji, Makete

JIBU: Yapo. Kishindo hicho kinaweza kubandua laini kutoka kwenye chuma cha shuu, na ikibanduka tairi linaweza kujifunga ukiwa njiani. Lisogeze gari taratibu mbele na nyuma, au gonga ubavu wa dramu kwa nyundo ya mpira.

Kwa kawaida maji yameingia kwenye kebo kupitia mpira wa mwisho uliochanika, yakaleta kutu au yakaganda. Ifungue kebo upande wa tairi, uivute kwa mkono: iende na irudi bila kukwaruza. Ikikwaruza, nunua mpya. Mafuta unayomimina ndani yatakupa siku chache tu. Kwa usiku wa baridi kali, egesha tambarare, weka gia ya kwanza au P, zuia matairi kwa mawe pande zote, uiache hendibreki chini.

SWALI: Gari langu ni otomatiki. Nikiegesha kwenye kilima hapa Tukuyu naweka P tu. Inatosha?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Haitoshi. P ni jino moja la chuma ndani ya gia boksi, na ukiliachia uzito wote wa gari, asubuhi kutoa P kunakuwa kugumu na jino linaumia. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia mguu gari likae kwenye hendibreki, kisha kanyaga tena uweke P. Ukiangalia chini, kata usukani kuelekea ukingo wa barabara, yaani kushoto. Ukiangalia juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia ili tairi liegemee ukingo likirudi nyuma. Kama hakuna ukingo, kata kushoto.