Simama Kwanza Penye Ua la Mgomba

Kwa miaka mingi nilishuka kutoka Chake mjini, hapa Pemba, hadi kwenye hori, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, nikiwa mbiombio, nikaamini njia ile haina ndege ila kunguru.

Kilichonigeuza ni mgomba. Asubuhi moja ya masika mvua ilinikuta njiani, nikajikinga kwenye baraza la watu. Mbele yangu mgomba ulikuwa umetoa mkungu mpya, ua lake zambarau likining'inia. Akaja ndege mdogo mweusi, akajibandika kichwa chini, akanyonya. Jua lilipochomoza mgongo ukawaka kijani, kifua zambarau. Alikuwa chozi wa Pemba, ambaye dunia nzima hana kwao kwengine ila huku kwetu. Nami nilikuwa nimempita kila siku!

Tangu hapo sitafuti ndege, natafuta maua. Nakushauri ufanye hivyo. Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu, chagua mti mmoja uliochanua, simama mbali kidogo robo saa nzima. Usinyooshe kidole, maana mkono ukiinuka tu ndege kashaondoka. Mikarafuu nayo iangalie vizuri: karafuu huchumwa ikiwa bado imefumba, kwa hivyo ua lililofunguka, lenye nyuzi nyeupe, ni lile lililomponyoka mchumaji. Nyuki hawaliachi.

Ninga, yule njiwa wa kijani, ni kazi nyengine. Rangi yake ni ya majani, na akihisi mtu hutulia kimya. Mimi huanza kutazama chini: matunda mabichi yakidondoka hali ya kuwa hapana upepo, juu pana ninga anakula.

Ukifika kwenye hori, saa haina maana tena, mwenye amri ni maji. Maji yakijaa utaona mikoko tu. Nenda siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana maji hupwa karibu saa nne asubuhi na tope lote hubaki wazi. Hapo hushuka yangeyange, na kuanzia mwezi wa tisa huja ndege aitwaye sululu kutoka kaskazi ya mbali, mdomo umepinda kama sululu ya kuchimbia. Huuzamisha topeni mpaka karibu na macho, akautoa na kaa mdogo, akamtikisa miguu imtoke, ndipo akammeza.